Chumvi, Jua na Deni: Gari la Mtumba Katika Pwani ya Dar es Salaam

Chumvi haingoji mvua ili ianze kula bati. Upepo unaopita juu ya mawimbi ya Coco Beach au Kigamboni hubeba vitone vidogo vya maji ya bahari. Maji hukauka njiani, na chembe za chumvi hutua juu ya boneti, ndani ya mikunjo ya milango, kwenye chesisi na katikati ya mapezi membamba ya rejeta. Unyevu wa hewa ukivuka takriban asilimia 75, chembe hizo hunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka zenyewe. Dar es Salaam hufika kiwango hicho usiku baada ya usiku. Kwa hiyo gari lililolala nje Mbezi Beach, hata katika mwezi usio na tone la mvua, huamka vyuma vyake vimefunikwa na utando mwembamba wa maji ya chumvi. Kisha jua linatoka, joto linapanda, na kazi ya kutu inakwenda mbio zaidi.

Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo halitajwi mtu anapotafuta gari. Watu huuliza herufi ya namba ya usajili: ni D au ni E? Huuliza limetembea kilometa ngapi, linakula mafuta kiasi gani, AC inapoza au haipozi. Maswali hayo yana maana, lakini hata mnunuzi wa Mbeya au Njombe angeyauliza hivyo hivyo. Anayeishi pwani ana maadui wawili wa ziada, chumvi na jua, na wote wawili wanataka fedha kila mwaka. Familia nyingi zinakamuliwa hadi senti ya mwisho siku ya kununua, halafu rejesho la mkopo linachukua kilichobaki. Gari lenyewe linaachwa bila akiba ya kulilinda, na linaanza kufa kabla deni lake halijaisha.

Tuanze bandarini. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoonekana barabarani Dar yametumika kwanza Japani. Kenya imeweka ukomo wa miaka 8 kwa gari la mtumba linaloingia nchini. Tanzania haina ukomo wa namna hiyo, bali inatoza ushuru wa uchakavu. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka kadhaa sasa, gari dogo la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Chukua Toyota IST ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, yenye injini ya cc 1,300. Tuseme thamani yake pamoja na usafiri na bima hadi bandarini ni shilingi milioni 5. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 1,250,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ukubwa huo wa injini, juu ya thamani na ushuru wa forodha, ni 312,500. Uchakavu wa asilimia 30, juu ya jumla hiyo hiyo, ni 1,875,000. Juu ya jumla hiyo yote inapigwa VAT ya asilimia 18, sawa na 1,518,750. Gari la milioni 5 limekuwa la karibu milioni 10, kabla ya tozo ndogondogo kama ile ya reli, gharama za bandari, malipo ya wakala wa forodha na usajili.

Kuna jambo linalowashtua wengi: Mamlaka ya Mapato, TRA, haikokotoi kodi kwa bei uliyolipa wewe. Ina jedwali lake la thamani, na ukibahatika kupata gari kwa bei ya chini, kodi inaweza kubaki ile ile. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao na ni bure kukitumia. Kitumie kabla hujatuma fedha Japani. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Passo ya cc 996 imejaa mitaani. Injini isiyozidi cc 1,000 imekuwa haitozwi ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wake, na nafuu hiyo inaonekana hadi mfukoni mwa mlaji.

Gari la Japani nalo linaweza kufika likiwa na chumvi ya kwao. Hokkaido, Aomori na Niigata hupata theluji nyingi, na barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari lililokaa huko misimu kadhaa linakuja na boneti inayong'aa na tumbo lililoliwa. Likiletwa Dar, linatoka kwenye chumvi ya theluji na kuingia kwenye chumvi ya bahari, bila mtu kulitibu katikati. Kwa hiyo dai karatasi ya mnada, si picha nzuri tu. Karatasi hiyo ina mchoro wa gari na alama zilizowekwa na mkaguzi: A ni mchubuko, U ni bonde, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa, S ni kutu, C ni bati lililokwisha kuliwa. Mnunuzi wa pwani anapaswa kuziogopa S na C kuliko A kumi. Mchubuko hauendelei kukua usiku wakati umelala. Omba pia picha za chini ya gari, zikionyesha chesisi, mikono ya tairi na bomba la moshi. Muuzaji mkweli hatachukia kuzipiga. Ukiona neno STUDLESS ubavuni mwa tairi, hizo ni tairi za theluji, zenye mpira laini usioweza joto la lami ya Dar. Weka fedha za tairi mpya katika hesabu zako hapo hapo.

Wanaonunua gari lililokwisha tumika hapa mjini wana nafasi ambayo mwagizaji hana: wanaweza kuligusa. Nenda asubuhi, na umwambie dalali mapema kwamba unataka kulikuta injini ikiwa imelala. Injini iliyokwisha pashwa moto huficha mengi. Fungua kifuniko cha rejeta wakati kila kitu kimepoa, uangalie ndani. Ukikuta maji ya rangi ya chai na tope la kutu, umeshajua mwenye gari amekuwa akijaza nini. Ukikuta mafuta yanaelea, aga salama. Inua mazulia ya sakafuni, nusa, papasa chini ya kiti. Gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa likapendeza, lakini matope hubaki kwenye reli za viti na ndani ya soketi za nyaya. Pitisha sumaku ndogo juu ya bati pembeni mwa matairi na chini ya milango. Pale isiponata kwenye gari la chuma, ujue kuna pati nene chini ya rangi. Kisha ingia uvunguni. Rangi nyeusi ya lami iliyopigwa karibuni chini ya gari kuukuu isikufurahishe hata kidogo. Ikipigwa juu ya bati safi ni kinga nzuri sana. Ikipigwa juu ya kutu, inaifungia ndani pamoja na unyevu wake, na kutu inaendelea kula bila kuonekana.

Ukiridhika, malizia karatasi. Kadi ya gari ihamishwe jina TRA, na deni la faini za barabarani liangaliwe kwa namba ya gari kabla hujalipa. Kutembea miaka mitatu na kadi ya mtu mwingine ni kujitafutia matatizo siku atakapofariki au atakapokataa kukusaidia.

Sasa fedha. Wengi hawana milioni 10 au 15 mkononi, na sioni aibu yoyote katika kukopa gari linalomfikisha mtu kazini au kumwingizia kipato. Tatizo ni mahali pa kukopa na namna riba inavyohesabiwa. Mwenye ajira au Saccos imara ana njia nafuu kidogo. Asiye nazo huishia kwenye mikopo ya kuweka kadi ya gari, na kule chini kabisa kuna ile ambayo mitaani inaitwa kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imekuwa ikisisitiza riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata hapo kuna tofauti kubwa iliyojificha. Kopa milioni 10 kwa miezi 24 kwa riba hiyo, ikihesabiwa juu ya salio linalobaki, na utalipa takriban 623,000 kwa mwezi, jumla karibu milioni 15. Riba hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya milioni 10 kamili kila mwezi hadi mwisho, ingawa umeshapunguza deni, rejesho linakuwa takriban 767,000 na jumla ni milioni 18.4. Tofauti ni zaidi ya milioni 3.4, na imetokana na swali moja ambalo mkopaji hakuuliza. Uliza: riba inapigwa juu ya salio au juu ya mkopo wote? Kisha omba ratiba ya marejesho iliyoandikwa, mwezi kwa mwezi, kabla hujasaini.

Benki kwa kawaida itataka gari la mkopo liwe na bima kubwa, nayo hukaribia asilimia 3.5 ya thamani ya gari kwa mwaka, na VAT juu yake. Bima ndogo ya gari dogo binafsi imekuwa shilingi 118,000 pamoja na VAT, na ndiyo wengi wanayoikimbilia. Bima ndogo humlipa uliyemgonga. Gari lako wewe hailigusi. Ukiwa unaishi bondeni au kila siku unapita Jangwani, eneo linalofurika, soma mkataba wa bima kubwa uone mafuriko yameandikwaje.

Ushauri wangu mkuu kwa anayekopa ni huu: kama uwezo wako ni milioni 12, tafuta gari la milioni 10. Milioni 2 zinazobaki zitakwenda kwenye kulanti, betri, tairi, kinga ya kutu na mambo yatakayojitokeza miezi sita ya kwanza. Najua inauma kuacha gari zuri zaidi kwa sababu hiyo. Lakini nimewaona vijana wa teksi mtandao wakilipa rejesho la kila wiki bila kukosa, huku wakijaza maji ya kisima kwenye rejeta kwa sababu galoni la kulanti lilionekana ghali. Injini ikinoki, rejesho haliondoki. Kijana anabaki na deni la gari lisilotembea, na mkopeshaji anayeshikilia kadi anakuja kulichukua.

Hapo kwenye rejeta ndipo magari mengi ya pwani yanapofia, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Visima vingi vya Dar, hasa karibu na bahari, vina maji ya chumvi. Chumvi hiyo hutafuna aluminiamu ya silinda hedi na wota pampu, na madini mengine yaliyomo huganda kwenye mirija ya rejeta hadi maji yanashindwa kupita. Hata maji ya bomba hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na ina kimiminika kinachopandisha kiwango cha kuchemka. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, na kifuniko cha rejeta kikiwa kizima, mfumo huweza kuvuka nyuzi 120 bila kuchemka. Kifuniko hicho huuzwa kwa bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye injini, na mpira wake ukichoka hakizuii tena shinikizo. Kibadilishe bila kusubiri kiharibike. Kulanti ya pinki ya Toyota imekusudiwa kubadilishwa mara ya kwanza baada ya kilometa 160,000, kisha kila 80,000. Lakini gari la mtumba ambalo hujui limejazwa nini lisafishwe mfumo wote na kuanza upya.

Kuna jambo linalofanyika gereji nyingi ambalo linanisikitisha. Gari linachemsha, fundi anafungua, anatoa themostati, anairusha pembeni: "Bosi, hii kwa joto la hapa haina kazi." Gari linapoa kweli, na mteja anaondoka na furaha. Themostati ni mlango mdogo unaofunguka kwa joto. Kwa injini nyingi za Toyota huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ukiitoa, injini inakawia kufika joto lake la kazi, kompyuta inadhani bado ni ya baridi na inaendelea kumwaga mafuta mengi. Oili inachakaa mapema, unywaji wa petroli unapanda. Na kilichosababisha gari lichemshe, iwe ni feni iliyokufa, rejeta iliyoziba au gasketi inayovujisha, bado kipo na kinaendelea kuharibika. Joto la Dar mwezi Februari ni nyuzi 32 au 33. Injini iliyotengenezwa kufanya kazi juu ya nyuzi 80 haisumbuliwi na hilo mfumo wake ukiwa mzima.

AC inafanana na hilo. Gesi ya AC haitumiki kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, imevuja. Kujaza gesi kila baada ya miezi michache bila kutafuta tundu ni kuchoma fedha hewani, na mara nyingi tundu liko kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, mahali pale pale ambapo upepo wa chumvi hupiga kwanza. Iwashe AC dakika chache kila wiki hata msimu wa kusi ambapo huihitaji, ili oili inayozunguka na gesi ilainishe mipira ya kompresa. Mipira ikikauka, ndiyo inayopasuka na kuvujisha.

Betri nayo hufa kwa joto kuliko kwa kingine chochote. Kila nyuzi 10 zinapoongezeka, uchakavu wa ndani huongezeka takriban maradufu. Nunua betri iliyotengenezwa karibuni, angalia tarehe yake dukani, na kama ni ya kuongeza maji, iongezwe maji yaliyosafishwa tu. Tairi pia zina tarehe: tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukisoma 2319, imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba ambayo haijawa kipara inaweza kuwa na miaka tisa, mpira umekauka, na kwa mwendo wa barabara ya Morogoro saa saba mchana inapasuka bila taarifa. Kwenye tairi, ndugu msomaji, usibane matumizi. Na ukiegesha juani, usimwache mtoto ndani hata kwa dakika za kununua mkate. Ndani ya gari lililofungwa joto hupita nyuzi 50, na mwili wa mtoto hupanda joto haraka kuliko wako.

Kuhusu kuosha, kinachohitaji maji zaidi ni chini ya gari, si paa. Gari likioshwa kwa maji ya kisima chenye chumvi, umelipaka chumvi kwa fedha yako. Muulize kijana wa kuosha maji yanatoka wapi, na kama ni ya kisima, suuza nyumbani kwa maji baridi ya bomba ya DAWASA. Hakikisha vitundu vya kutolea maji chini ya milango havijaziba mchanga. Kidoa cha kutu kikiwa kidogo kama kucha, msasa, praima na rangi vinatosha kukimaliza kwa asubuhi moja. Ukikiacha masika mawili, unazungumza na mchomeleaji.

Masika yenyewe yakija, hatari ni kiburi cha kukatiza maji. Injini ikivuta maji, maji hayabanwi kama hewa, na konrodi hupinda papo hapo. Gari likizimika ndani ya maji usipige stata tena. Lisukume hadi pakavu, fungua filta ya hewa, na ukiikuta imelowa, mwite fundi atoe plagi kabla ya jambo lolote.

Fundi huyo ndiye ninayetaka kumtetea. Wateja wengi wa Dar hulipa kwa kufunga spea tu. Hawalipi kwa kutafuta tatizo. Fundi akitumia saa mbili kupima shinikizo la mfumo wa maji na kugundua kwamba tatizo ni mpira mmoja wa bei ndogo, anaambulia elfu tano na lawama za kuchelewesha. Akibahatisha kwa kubadilisha rejeta nzima, analipwa vizuri. Tumemfundisha kubahatisha, kisha tunamlaumu kwa kubahatisha. Kubaliana naye mapema juu ya malipo ya uchunguzi, iwe tatizo litakuwa kubwa au dogo, na akuonyeshe alichokipima. Mafundi wenye vifaa vya kupima wapo Ilala, Tandika na Mwenge, wengine wamepita vyuo vya VETA, wengine wamejifunza chini ya mwembe na wanajua kuliko wengi. Wanaotafutwa kwa ajili ya akili yao ni wachache, na wangekuwa wengi kama tungeilipia.